Ellis Quarterman, Aliyezipokea Yoti kwa Glavu Nyeupe

Ndugu Ellis Josiah Quarterman alizaliwa tarehe 14 Agosti 1947 huko Pin Point, Georgia, mtoto wa nne wa marehemu Josiah na marehemu Lula Quarterman, waliokuwa wakimenya kaa na kufungua chaza katika kiwanda cha hapo kijijini. Mama yake alizoea kusema kwamba Ellis hakuogopa maji yoyote, isipokuwa ya kuogea.

Alimaliza sekondari mjini Savannah mwaka 1965. Siku hizo ukingo wa mto ulikuwa na maghala matupu ya pamba, na panya walionona kuliko wanafunzi. Ellis alipita huko kila asubuhi kutazama meli za mizigo. Alichapwa kwa kuchelewa shule, na kesho yake akapita tena.

Alifunga ndoa na Bi Vernell Habersham tarehe 6 Juni 1970, hapa hapa katika Kanisa la Kibaptisti la Betheli Mpya, ambako baadaye alihudumu mlangoni kama mpokezi wa waumini hadi nguvu zilipomwishia. Mnajua jinsi wapokezi wetu wanavyofanya kazi: hawasemi neno. Glavu nyeupe, mkono wa kushoto mgongoni, wa kulia unakuonyesha pa kukaa. Hata ukichelewa hadi mahubiri, unapokelewa kama mfalme.

Baada ya miaka ya kupakia mizigo bandarini, mwaka 1981 aliajiriwa na jiji kupokea kamba za meli kwenye gati letu la katikati ya mji. Huko ndiko alikoiona yoti yake ya kwanza, meli ya starehe ya matajiri, ikipanda mto asubuhi yenye ukungu. Ilikuwa nyeupe pe, ya ghorofa tano, imeyapita maghala kwa urefu, na helikopta imekaa juu yake. Ellis alisimama kinywa wazi hata kamba ikampita kichwani.

"Vernell, leo nimeona kitu!" alisema jioni ile, hajavua hata kofia. "Ubavu wote unang'aa kama kioo. Unajiona mwenyewe umesimama ndani ya meli!"

"Ulionekanaje?"

"Masikini, lakini nadhifu."

Tangu hapo, kila yoti ilipokuja, alivaa glavu zake za Jumapili. Alisimama gatini, mkono mmoja mgongoni, na kwa mwingine akaionyesha meli pa kukaa. Nahodha mmoja alimdhania ni meya. Msimamizi wake alilalamika kwamba glavu zinachafuka, na Bi Vernell, aliyekuwa akizifua, alilalamika zaidi. Ellis hakujali. Alisema vitu vizuri namna ile havipokelewi kwa mikono mitupu.

Alikuwa na hamu moja tu, kupanda mojawapo, na kila mtu hapa aliijua. Aprili 2004 ilikuja yoti iitwayo Serafina, na nahodha wake akamwita apande. Chini ya ngazi palikuwa na kikapu cha viatu, maana kule kila mtu huvua ili asikwaruze mbao, hata mwenye meli. Ellis aliinama kufungua kamba za viatu vyake vilivyong'arishwa, akakumbuka. Asubuhi ile Bi Vernell alikuwa amemwambia, "Ellis, hiyo soksi imetoboka kidoleni, badilisha," naye akajibu, "Nani atanivua viatu kazini?"

Akasimama wima, akarudisha mkono mgongoni. "Nashukuru sana. Niko kazini."

Nyumbani alisema hakualikwa. Kuanzia siku ile hakupokea meli bila soksi mpya. Zilijaa droo, zikahamia kabatini. Lakini hakuna aliyemwita tena, hadi alipostaafu mwaka 2012.

Ugonjwa wa sukari ulimsumbua kwa muda mrefu, na Novemba 2022 alikatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Alipozinduka alilia. Kisha akaanza kucheka, akamsimulia mkewe habari yote ya soksi.

Bi Vernell akasema, "Kumbe! Nami muda wote huo nilidhani una mwanamke anayeuza soksi."

Machi iliyofuata Serafina ilirudi. Bi Vernell alimvalisha suti na glavu, akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi chini ya ngazi, akawaita mabaharia.

"Nyie vijana! Huyu bwana alizifunga kamba zenu kabla mama zenu hawajaolewa. Leo anapanda!"

"Samahani, mama, tatizo ni magurudumu. Mbao zetu..."

"Wewe mwanangu, unavyoniona mimi, nina sura ya mtu anayerudi nyumbani?"

Nahodha alitoka, akamtazama yule mzee mwenye glavu, akaagiza taulo nyeupe. Wakayafunga magurudumu. Ellis alivua kiatu chake kimoja mwenyewe, akakiweka kikapuni, na vijana wanne wakamnyanyua.

Hakutazama dhahabu wala marumaru. Aliomba ageuzwe upande wa mji. Akayaona maghala ya pamba, kuba la ofisi za jiji, mialoni, na mahali pake gatini alipozoea kusimama.

"Vernell," alisema huku machozi yakimtoka, "kumbe na wao walikuwa wakitutazama. Hebu ona tulivyo wazuri."

Ndugu Ellis aliaga dunia nyumbani kwake tarehe 9 Februari 2025, moyo wake ulipochoka. Ameacha mjane, Bi Vernell. Binti, Renita, na mumewe. Wana wawili, Josiah na Cleveland. Dada yake, Bi Ardelia. Wajukuu saba, na wapokezi wenzake wa Betheli Mpya, ambao leo wataweka glavu zao juu ya jeneza.

Wakati wa kumvalisha, mtu wa mazishi aliuliza kwa upole kama alete soksi moja au mbili.

"Mbili," alisema Bi Vernell. "Mpya. Anakokwenda ataitwa apande, na safari hii sitaki visingizio."

Mungu ampokee mpokezi wetu, na ampumzishe kwa amani.