Dada Mapezi, Aliyewashusha Wenye Boti Chini ya Maji

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba iliyopakana ukuta na karakana ya baba yake, fundi wa injini za boti. Alijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mama yake, mshonaji, alikuwa akisema ukitaka kumwadhibu mtoto huyu, mweke pakavu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao na kumaliza sekondari mwaka 1986. Baba alimtaka karakanani. Alikubali kushika spana, lakini mwaka 1989 akapata cheti cha uzamiaji, akaajiriwa kusafisha matumbo ya meli chini ya maji na kukarabati nguzo za gati. Mwaka 1997 alifungua shule yake ya kuzamia: chumba kimoja chenye harufu ya mpira, na mitungi ya hewa imepangwa ukutani. Jina la Mapezi alilipata alipofika kwenye kikao cha wazazi na mapezi yake ya kuogelea kwapani, akayaweka mezani kwa mwalimu mkuu, yakichuruzika maji.

Alifunga ndoa mwaka 1994 na nesi aliyemtibu sikio. Nesi alimkataza kuzamia mpaka apone. Mgonjwa alirudi kabla ya wiki kwisha, safari hii na sikio la pili.

Jumapili, tarehe 14 Novemba 2004, marehemu alikuwa akipanda juu na wanafunzi wawili, karibu na boya lenye bendera ya wazamiaji. Boti ya matembezi ilipita kati ya boya na ufuko. Aliwasukuma wanafunzi chini, na pangaboi ya injini ikampata yeye bega la kushoto. Mwenye boti, muuza vifaa vya ujenzi aliyekuwa na mkewe na wageni, ndiye aliyemvuta kutoka majini na kumfunga bega kwa kitambaa cha meza. Bendera aliiona, alidhani ni alama ya mtego wa samaki. Mkono ule wa kushoto haukuinuka tena kupita kifua.

Akiwa bado hospitali, ghuba yetu iliwaka moto wa ugomvi. Wazamiaji walikata kamba za boti usiku. Wenye boti nao walitaka uzamiaji upigwe marufuku. Kaka yake marehemu, ambaye hukodisha boti, alinyimwa salamu na wanafunzi wa dada yake mwenyewe, naye akaacha kuja nyumbani.

Mkutano uliitishwa ghorofani, katika ofisi ya bandari. Wazamiaji walimtaka aoneshe kovu. Alikuja amevaa blauzi iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Aliwaacha watu wabwatuke mpaka wakachoka, kisha akasema, "Mimi sitaki boti ziondoke. Baba alitusomesha kwa injini zenu. Nataka kila mwenye boti ashuke na mimi chini, akae, asikilize. Na kila mzamiaji ashike usukani jua likimpiga usoni, aone kama atakiona kichwa cha mtu."

Wengine walicheka. Muuza vifaa vya ujenzi hakucheka. Alikuwa wa kwanza kushuka. Kaka aliitwa aendeshe boti, kwa mbali, na ndivyo wawili hao walivyoanza kuongea tena. Chini kule marehemu aliwaomba wenye boti kwa ishara waoneshe kwa kidole mlio wa injini unatoka wapi. Kila kidole kilielekea upande wake, maana majini mlio husikika kama unatoka kila mahali. Muuza vifaa alipotoka, alikaa gatini akiwa bado amevaa nguo ya mpira, mkewe akimfuta kichwa. Mwishowe akasema, "Nilidhani huko chini mnatusikia tunakuja."

Wazamiaji nao waliposhika usukani, marehemu alitupa majini boya jeusi lenye ukubwa wa kichwa. Wengi waliliona wakiwa wamekwisha kulipita. Yule aliyepiga kelele kuliko wote mkutanoni alipita juu yake.

Makubaliano yakawa mepesi: boti zipunguze mwendo na kukaa mbali na bendera, na mzamiaji asiibukie mbali nayo. Wapo waliokaidi, na maneno hayakwisha yote. Lakini tangu hapo hakuna mzamiaji aliyegongwa katika ghuba ile.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua. Alisafishwa damu kila wiki, akiwalalamikia manesi kwamba ameishi majini na sasa haruhusiwi hata kuyanywa. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, mchana, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja na wadogo wawili.

Muuza vifaa vya ujenzi aliomba kuketi pamoja na wafiwa. Marehemu alisalimiana naye miaka yote hii na aliwafundisha wanawe kuzamia, ila hakuwahi kupanda tena boti yake, wala hakueleza kwa nini. Familia ilijadiliana, na hatukuafikiana upesi. Mume wa marehemu akasema, "Mpeni kiti." Ameketi safu ya pili.

Mungu ampe dada yetu pumziko la amani.