Theluji ya Juu ya Paa

Benchi letu liko nje ya karakana yangu ya skii, zile mbao ndefu za kuteleza juu ya theluji, limeegemea ukuta na kutazamana na paa la kanisa. Paa hilo ndilo gazeti letu. Tukiona theluji imelalaje pale, tunajua mlimani kukoje, au ndivyo tulivyokuwa tukijidanganya kila majira ya baridi, birika la kahawa katikati na blanketi moja la farasi magotini. Tuko watatu. Kassian tunamwita Nta, maana kwake hakuna tatizo duniani lisilokwisha kwa kupaka skii nta. Gidi tunamwita Goti. Alivunjika moja, na tangu hapo anaongea kama daktari wa yote mawili. Mimi ni Vinzenz, fundi, wananiita Profesa kwa kunidhihaki. Nimelizoea hilo jina na, nikisema kweli, nalipenda.

Ijumaa hiyo mchana akaja Notburga, mtoto wa dada yangu, sisi tunamwita Burgi, kabeba jozi tatu za skii begani. Kesho yake alikuwa na mtihani wa kuingia kikosi cha uokoaji mlimani. Ilikuwa mara yake ya tatu, na kikosi hakimpi mtu mara ya nne. Miaka miwili iliyopita kikosi hichohicho kilimfukua yeye kwenye maporomoko ya theluji, akiwa hai, mdomo umejaa barafu. Tangu siku ile hataki kazi nyingine. Mtihani wenyewe ni kuteremka Bonde la Mbuzi, toka juu mpaka chini, kwa jozi moja tu. Ukishaichagua, umeichagua.

— Nyembamba, ya kati au pana? — akauliza, akiziegemeza ukutani. — Nitajieni moja, niende nikalale.

Moja! Kumbe mtoto hajui kaja kuuliza wapi. Nilianza mimi, kwa sauti yangu ya uprofesa. Nikamweleza kwamba ile nyembamba, milimita sabini na nane chini ya kiatu, inang'ata barafu, lakini kwenye theluji laini inazama mpaka magotini. Ile pana, mia moja na kumi, inaelea juu ya theluji laini, ila kwenye barafu inateleza kama sabuni bafuni. Ya kati haifi njaa popote, wala haishibi popote. Mpaka hapo tulikuwa bado na akili zetu.

Nta akanyoosha kidole kuelekea kanisani. Siku tatu imeanguka, akasema, itazameni ilivyotuna pale juu, laini tupu. Pana, na nta ya manjano, basi. Goti akapinga, si kwa sababu alikuwa na hoja, bali kwa sababu Nta ndiye aliyesema. Kwa maoni yake upana si wa skii, ni wa tumbo. Mtu akila andazi la nyama moja asubuhi badala ya matatu, skii nyembamba inageuka pana yenyewe.

— Kwa hiyo nisile, — Burgi akasema.

— Ule moja. Babu yangu alivuka mlima kwa mbao za pipa la kabichi, na hakula kitu.

— Babu yako alirudi?

Goti akanywa kahawa. Hapo Nta akaja na kubwa kuliko: avae nyembamba mguu wa kushoto na pana mguu wa kulia, kwa kuwa bonde limeinama upande, na upande wa juu daima ni mgumu. Nikamuuliza, akigeuka je? Akanijibu asigeuke. Mimi nami, badala ya kunyamaza, nikaanza kuhesabu kwa chaki ukutani upana wa kushoto jumlisha wa kulia gawanya kwa mbili. Naona haya hata kuliandika.

— Wazee wangu, — Burgi akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. — Kesho nikikosea, ndiyo basi. Sina pengine pa kwenda.

Tukalitazama paa, sote watatu, kwa makini ya kweli sasa, maana tunampenda. Theluji ilikuwa nene na imetulia. Nikasema pana. Nta akasema pana. Hata Goti akakubali, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi.

Wakati huo Irén alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa ya moto. Ni mpishi mgeni wa nyumba ya wageni ya jirani, anatoka nchi ya tambarare, hajawahi kuvaa skii. Akatumiminia mmoja mmoja, kisha akauliza kwa upole:

— Samahani, hiyo theluji ya bondeni, nani kati yenu amekwenda kuiona?

Goti akainamia kikombe. Nta akalikunja blanketi ambalo halikuhitaji kukunjwa. Burgi akanigeukia mimi.

— Mjomba?

Nilikuwa sijapanda miaka tisa. Niliogopa, ndiyo sababu. Nikaona bora benchi. Sikusema hayo. Nilisema tu:

— Sijui, mwanangu.

Akachukua skii zake kuukuu zilizokuwa karakanani, akawahi gari la kamba la saa tisa, lile linalopandisha watu mlimani. Aliporudi, mashavu mekundu, hakukaa. Upepo, alisema, ulikuwa umefagia bonde lote, laini imekwenda zake, limebaki gamba gumu toka juu mpaka chini. Akaichukua ile nyembamba na kunikabidhi.

— Ninolee kingo, mjomba.

Nilinoa vyuma vya pembeni mwa skii mpaka vidole vikafa ganzi, nikifikiria ile pana kwenye gamba lile, na mtoto wa dada yangu juu yake, kwa ushauri wangu.

Kesho yake benchi lilikuwa tupu. Tulipanda gari la kwanza, Nta, Goti na mimi, tumeshikilia vyuma kama wagonjwa. Tukasimama kando ya kamba ya kuzuia watazamaji, mwisho wa bonde. Tulisikia kingo za skii za Burgi kabla ya kumwona, zikikwaruza mfululizo bila kuteleza. Akapita mbele ya watahini, akasimama, na mkubwa wao akavua glavu ili ampe mkono wa pongezi.

Burgi akaja mpaka nilipo, anahema.

— Umeionaje theluji, mjomba?

— Ngumu, — nikamjibu. Nilikuwa nimesimama juu yake.