Tatu kwa Jiometri, Mbili kwa Aljebra

Marehemu dada yetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mwalimu Manila, alizaliwa tarehe 9 Mei 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba, fundi seremala, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na wa pili ndiye huyu mdogo wake anayewasomea, ambaye tangu Jumanne macho yamemkauka na hajui kwa nini.

Alianza shule Januari 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, na tarehe 2 Oktoba 1986 akaajiriwa chuo kikuu kufundisha hesabu, ambako alipima ugumu wa maumbo ya vipimo vitatu kwa njia mbili: kwa jiometri, kulipasua umbo nusu mbili na kuhesabu mishikio ya kila nusu, kama ya kikombe, na kwa aljebra, kuhesabu njia chache kabisa za kuzunguka ndani yake ambazo huzaa nyingine zote.

Tarehe 12 Desemba 1989 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, aliyezoea kula sahani ikiwa magotini kwa sababu meza ilijaa karatasi za manila na gundi ya kuundia maumbo hayo, wakajaliwa binti mmoja, tarehe 30 Agosti 1992.

Mwaka 2003 alichapisha kwamba, kwa jamii moja ya maumbo, njia hizo mbili hutoa jibu moja daima, na mwenzake wa ofisi moja alipomwonyesha umbo lililotoa tatu kwa jiometri na mbili kwa aljebra, dada alihamisha meza yake, wakapishana koridoni miaka ishirini na miwili bila salamu.

Alilazwa kwa figo tarehe 6 Februari 2025, na wiki ya tatu akalihesabu upya umbo lile nyuma ya karatasi ya vipimo vya damu, akapata tatu, akapata mbili, akaagiza mwenzake aitwe, naye alikuja Jumanne tarehe 11 Machi, akakuta kitanda kimeshatandikwa.

Wazee wetu walisema msibani hapasomwi makosa ya marehemu, lakini dada aliagiza kosa lake lisomwe hapa, na wosia ni wosia, na asiyekubali kushindwa si mshindani, hivyo isikike kwamba dada alikosea, na mwenzake alikuwa sahihi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti, na wenzake wa kazini, hasa mmoja aliyeketi mstari wa mwisho, ambaye tunamwomba aje mbele akae na familia.

Dada, ujumbe umefika. Pumzika kwa amani.