Makofi Katikati ya Gloria

Benchi letu liko mbele ya saluni ya Ruphin, hatua chache kutoka West Street, mjini Durban. Ruphin, Mkongomani, tunamwita Profesa, maana hanyoi kichwa bila kukitolea mhadhara. Pandu wa Unguja, muuza mikanda na saa, ni Wakili. Kila kesi ana methali yake, na mara nyingi ni ya kesi nyingine. Asubuhi ile ya mwaka 1998 mshtakiwa alikuwa Apollinaire, mlinda magari, Mkongomani pia, ambaye sisi humwita Parking. Jumapili mkewe Mireille, mwimbaji wa alto, sauti nene ya wanawake, alipanda jukwaani kwenye ukumbi mkubwa wa mji na kwaya ya watu mia, wakaimba misa ya Kilatini ya zamani, na okestra nyuma yao. Sasa ilikuwa Alhamisi, na tangu Jumapili hajamwambia mumewe neno.

PROFESA: Rudilia, polepole. Ulifanya nini?

PARKING: Nilipiga makofi tu.

WAKILI: Mwishoni?

PARKING: Katikati. Katika Gloria. Batu bote kimya, mimi nikasimama, nikapiga. Mzungu wa pembeni akaniangalia, nikamwambia, ile ni bibi yangu.

PROFESA: Kwa sauti?

PARKING: Ile ukumbi inarudisha sauti.

PROFESA: Voilà. Hukusoma muziki, mon frère. Misa ya wale batu ba Vienna ni kama rumba. Kyrie, unaomba huruma polepole. Gloria, gitaa zinaamka. Sebene yenyewe, pale pa kucheza, iko kule mwisho, Agnus Dei. Weye umesimama kucheza mbele ya sebene.

WAKILI: Mimi Mwislamu, lakini hilo la sebene hata mimi nalikataa. Sababu ni nywele.

PARKING: Nywele za nani?

WAKILI: Za wanamuziki. Enzi zile walivaa nywele za bandia zenye poda. Ukipiga makofi katikati, poda inaruka, wapiga zumari wanapiga chafya, simfoni imekufa. Ndiyo ikatungwa sheria.

PROFESA: Eish, Wakili. Wale walikuwa bafanyakazi ba wakubwa. Mkubwa anakula, wao wanapiga. Simfoni iko na sehemu nne juu ya ile. Ya kwanza ni ya supu. Ya pili anasinzia, njo maana iko polepole. Ya tatu anageuka upande. Ukipiga makofi pale unamwamsha, okestra nzima inafukuzwa kazi.

PARKING: Na ya nne?

PROFESA: Ya kumwamsha. Haujaona iko mbio?

WAKILI: Basi utetezi ninao. Mwenye kelele hana neno. Yaani aliyepiga kelele hana kosa.

PARKING: Umwambie Mireille hivyo.

Hakukuwa na haja. Mireille alikuwa amesimama nyuma yetu na sahani iliyofunikwa kitambaa, maana hasira haikumzuia kumpikia mumewe. Profesa alimpisha, lakini Mireille hakukaa.

MIREILLE: Apollinaire, ulipiga makofi juu ya nini?

PARKING: Uliimba peke yako. Batu mia wamenyamaza, weye unaimba. Nilijua wamekupa solo.

MIREILLE: Solo haikukuwako. Pale inaanza fuga. Sauti zinaingia moja-moja, zinafukuzana, ya kwanza ni sisi ba alto. Mbele yake iko kimya kidogo, tunangojea alama ya mwalimu. Mimi nikaingia hajaitoa.

PARKING: Mi sikujua.

MIREILLE: Hakuna mtu angejua ni nani. Ba alto tuko makumi tatu. Halafu mwanaume anasimama kule juu kwa viti, anasema, ile ni bibi yangu.

Wakili akaanza kupanga mikanda iliyokuwa imeshapangwa. Mireille akatutazama mmoja mmoja, na sauti yake ikashuka.

MIREILLE: Pale peke yangu, nilisikikaje?

Tulikuwa tumeihukumu misa ile asubuhi nzima, na hakuna hata mmoja wetu aliyeisikia. Parking peke yake ndiye aliyekuwepo, na hatukuwahi kumuuliza alisikia nini.

PARKING: Ulisikika muzuri. Ila ilikuwa fupi.

Mireille akaketi benchini kando yake, akaondoa kitambaa kwenye sahani.

MIREILLE: Kula. Bugali inapoa.