Fundi Bomba, Aliyechagua Nyumba kwa Vyoo vya Shule

Marehemu mpendwa wetu, ambaye mtaa ulimwita Fundi Bomba na wenye nyumba wakamwita Mzee Hamahama, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968 katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha sabuni, ambako baba yake alikuwa mlinzi. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kwanza kunawa mikono bila kufukuzwa kwa fimbo.

Alianza shule mwaka 1975 na kuiacha mwaka 1983, au tuseme shule ndiyo iliyomwacha. Choo kilititia, ugonjwa wa kuhara ukaingia, milango ikafungwa "kwa muda". Muda huo haujaisha hadi leo tunapomzika. Tangu hapo aliamini kwamba msingi wa elimu si ubao wala kiboko, ni choo.

Ufundi alifundishwa na mjomba wake. Mtaani kwetu ni majiko machache ambayo hakuwahi kulala chali chini ya sinki zake, akimlaani fundi aliyemtangulia.

Mwaka 1996 alimwoa mshonaji wa mapazia. Walikutana alipoitwa dukani kwake kuzibua bomba lililojaa nyuzi. "Dada," alimwambia, "umeshona mpaka bomba." Mshonaji alicheka, na kwa kicheko hicho akajitakia mapazia ya maisha.

Maana ndoa hiyo ilihama mara tano. Shule za serikali zilipokea watoto wa mitaa ya jirani tu, kwa hiyo kuchagua nyumba kulikuwa kuchagua shule. Marehemu alikwenda kila shule na mkoba wa vifaa begani, akajifanya ameitwa kurekebisha kitu, akanyoosha moja kwa moja chooni. "Mwalimu mkuu atakudanganya, mama watoto," alisema. "Choo hakijui uongo." Cha shule ya watoto wake kikianza kunuka, familia inafunga virago. Mkewe alishona mapazia kwa kila nyumba, na kila mara yakawa mafupi kwa madirisha ya nyumba iliyofuata.

Mwaka 2017 aliipata shule ya ndoto zake. Mlinzi aliuona mkoba, akamfungulia: vigae vyeupe pee, harufu hakuna. Alirudi nyumbani nusura alie. Nyumba pekee iliyokuwa wazi mtaa huo, kando ya kijito, ilikuwa vyumba viwili vilivyozama nusu ardhini, ukuta ukilia maji kiangazi na masika. Wakahamia.

Wiki hiyohiyo kitinda mimba wao akawa anarudi mbio, anawapita wageni bila salamu, mpaka chooni.

"Kwani shuleni hakuna choo?" mama yake alimuuliza mlangoni.

"Kipo. Kina kufuli. Ni cha wakaguzi."

"Nyinyi je?"

"Nyuma ya ukuta."

Vyoo vile vilikuwa visafi kwa sababu havikuwahi kuona mtoto. Fundi Bomba akasema, "Lakini wanafundisha vizuri." Ni kweli, walifundisha vizuri. Wakabaki.

Kifua kilimwanza mwaka 2020. Aliyeziba mivujo ya mji mzima hakuweza kuuziba ukuta wake, kwani maji hayakutoka kwenye bomba, yalitoka ardhini. Daktari alimwambia, "Mzee, dawa yako ni kuhama." Akajibu, "Nimehama mara tano, daktari. Ya sita, mtoto akishafanya mtihani." Alifariki tarehe 14 Agosti 2024, saa nne asubuhi. Mtoto alikuwa darasani.

Juzi, tukiwa tumekaa kupanga mazishi, kikohozi kilisikika chumbani. Kile kile, cha kukwaruza. Kwa sekunde tulisahau kwamba mwenyewe yuko chumba cha maiti. Aliyekohoa alikuwa kitinda mimba.

"Jumamosi tunahama," mjane akasema.

"Shemeji, mtihani uko mlangoni!" alisema kaka wa marehemu. "Marehemu angekubali?"

"Marehemu alichagua tano. Hii nachagua mimi."

Wanakwenda kwa dada yake, kilimani, kwenye jua. Shule ya huko ameshaikagua mwenyewe, mkoba wa mumewe begani. Vyoo vimeziba na milango imeng'oka. "Lakini watoto wanaingia," alisema.

Marehemu ameacha mjane na watoto watatu. Wa kwanza ni fundi bomba kama baba yake. Wa pili aliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na marehemu alimsamehe baada ya kuelezwa hali ya vyoo vya bweni. Wa tatu ni kitinda mimba, ambaye wiki ijayo ataanza shule mpya. Ameacha pia ule mkoba. Siku hiyo kaka mtu, yule fundi, ataubeba na kumsindikiza, kwenda kuzibua vyoo.

Apumzike kwa amani Mzee Hamahama. Hapa pakavu, asihamishwe tena.