Dada Opareta na Makanisa Mawili

Wapendwa waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, aliyemfuata ziwa, familia imeniomba nisome habari za maisha yake, nami nitazisoma kama zilivyo, maana tangu Jumatatu mwili wangu umekuwa kama wa kuazima, naambiwa kaa nakaa, naambiwa kula nakula.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa kwanza wa mwalimu na mkunga, akasoma shule ileile aliyofundisha baba, akichapwa kuliko wenzake ili watu wasiseme anapendelewa, akamaliza sekondari mwaka 1975, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa opareta wa simu, kazi aliyoifanya hadi ilipofika mitambo mipya na chumba kizima kikastaafishwa, na katika miaka hiyo yote watu walimjua kwa sauti kabla ya sura, hata sokoni akiuliza bei ya nyanya muuzaji humtazama na kusema, "Wewe si ndiye yule wa simu?"

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na shemeji yetu, fundi seremala, wakajaliwa watoto watatu, wakajenga nyumba huku pembezoni mwa mji, barabara ikiwa bado ya udongo, na ni katika sebule ya nyumba hiyo kanisa hili lilianza, mwaka 1986, familia chache na gitaa lililopungukiwa nyuzi, makochi yakitolewa uani kila Jumapili na mvua ikija yanaloa, mpaka kilipopatikana kiwanja hiki, shemeji akachonga mabenchi haya mliyokalia, na dada akafundisha kwaya, akitaka kila neno lisikike, kwani alisema Mungu naye asisumbuliwe na laini mbaya.

Najua wapo ambao wangependa nikiruke kinachofuata, lakini nikikiruka nitakuwa nimemzika nusu. Mwaka 2003 mchungaji aliandikiwa uhamisho, akakataa kuondoka, washirika wakagawanyika, Jumapili moja tukakuta geti lina kufuli mbili, kila upande na yake, tukasimama barabarani na Biblia zetu kama watu walioachwa na basi, na mchungaji alipoondoka na wafuasi wake kwenda kuanzisha kanisa mtaa wa pili, shemeji alikuwa miongoni mwao. Nilikuwepo. Alimwambia dada, "Mama watoto, twende, Mungu ni yuleyule." Dada akamjibu, "Basi tutamkuta wote," akabaki pale getini.

Tangu hapo waliishi nyumba moja, wakila chungu kimoja, Jumapili wakitoka mlango mmoja na kuachana kwenye kona, mtoto mkubwa na baba yake, wa kati na mama yake, wa mwisho akabaki kitandani akisema anangoja wapatane, na wala hawakununiana, dada alimpigia mumewe pasi shati la kwenda kule, naye shemeji, mazoezi ya kwaya yalipochelewa kwisha, alikuwa anampashia chakula, ila mezani neno kanisa halikutajwa tena, na sisi wageni tulijifunza kulimeza pamoja na tonge.

Ugonjwa wa figo ulimwanza mwaka 2019, akawa mtu wa kusafishwa damu, na alipolazwa mara ya mwisho kwaya hii ilikuja siku yake na ya kule siku yake, hata akamwambia nesi, "Waambie waje pamoja, nimechoka kuchanwa nywele mara mbili." Walikuja pamoja, wakajaa wodini, wakakosa wimbo wa kuanzia, naye alikuwa amelala, hatujui kama aliwasikia.

Alifariki Jumatatu asubuhi, shemeji akiwa ametoka kumnunulia maji. Alipoulizwa ibada ifanyike wapi, alisema, "Kwake," na leo amepita mlango huu kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, akakaa nyuma kabisa, mpaka wazee wa kanisa walipokwenda kumshika mkono na kumleta mbele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia bila kuuliza, na maopareta wenzake, mliobaki, tumewaona.

Dada, wamekuja wa huku na wa kule, wamekaa wamechanganyika, hata mimi siwezi kusema nani ni wa wapi. Pumzika sasa.