Goti la Bi Biasha na Dua ya Bi Mwanapili

Wasikilizaji wapendwa, mlioko barazani na mlioko majikoni, asalaam aleikum. Leo twamkumbuka Bi Mwanapili wa Waa, msuka mikeka, aliyetutoka masika haya ya mwaka 1957. Mumewe, marehemu Sefu, alifariki mwaka 1951. Binti yake wa pekee, Mishi, ameolewa Vanga, na njia ya Vanga wenyewe mwaijua mvua ikinyesha. Kwa miaka sita bibi huyu aliishi peke yake.

Jirani yake alikuwa wifi yake, Bi Biasha, dada yake Sefu. Kati yao palikuwa na ua wa makuti tu. Kila alfajiri, akishaswali, Bi Mwanapili alifungua dirisha akaomba kwa sauti: Allahumma bika asbahna. Ee Mola, kwa uwezo wako tumepambaukiwa, kwa uwezo wako twaishi, kwa uwezo wako twafa, na kwako ndiko kufufuliwa. Alizoea kusema kwamba aliyemkabidhi Mola siku yake mapema, moyo wake hutulia, hata nyumba ikiwa tupu. Kisha akawaombea watu kwa majina. Mishi na wanawe. Mzee Chirau na kikohozi chake. Na Biasha, goti lake lipone.

Hapo ndipo lilipozuka neno. Goti la Bi Biasha likajulikana mtaa mzima, hata kisimani akawa anaulizwa lilivyoamka. Sisi watu wa Pwani, tusidanganyane, twaogopa midomo ya watu kuliko simba. Bi Biasha akamwendea wifi yake, akamwambia dua ni siri ya mja na Mola wake, na kuipaza ni ria, ibada ya kutaka kuonekana. Kwa mcha Mungu, neno hilo ni zito. Kesho yake dirisha halikufunguliwa.

Karibu mwaka mzima, wasikilizaji, halikufunguliwa. Bi Biasha aliamka kila alfajiri akatega sikio, na kiburi kikamzuia kuvuka ua.

"Nilikuwa nangoja anitaje," atwambia, "na mimi ndiye niliyemnyamazisha."

Asubuhi moja ya mvua, kuku wa Bi Mwanapili walilia bandani hadi saa nne. Zamani kimya cha dirisha lile kingemshtua Bi Biasha mapema. Sasa kimya kilikuwa mazoea. Alipoingia alimkuta wifi yake ameanguka juu ya msala wake wa kuswalia, pumzi zamwishia. Akampakata kichwa, akamwomba radhi.

"Nimekuwia radhi," Bi Mwanapili akasema. "Wala sikuacha, wifi. Kila siku nalikutaja, polepole."

Alifariki kabla ya adhuhuri, akazikwa alasiri. Mishi alifika siku ya tatu, matope hadi magotini, akaonyeshwa kaburi.

Siku hizi Bi Biasha ndiye afunguaye dirisha.

"Nawataja wote," asema. "Nikifika penye jina langu nanyamaza, nikasikiliza. Hakuna anitajaye."

Mishi, Bi Biasha, na jamaa wote wa Waa na Vanga, poleni sana. Mola amrehemu marehemu. Nawe msikilizaji, kesho alfajiri mkabidhi Mola siku yako, kisha mtaje jirani yako kwa jina. Mtaje akusikie.